Mjukuu wangu aligongwa na gari likakimbia, macho ya watu yakanigeukia mimi

Wakuu, wengi wenu humu ni umri wa wajukuu zangu, kwa hiyo marahaba, nimeshaitikia kabla hamjasalimia. Wakubwa zangu, kama mpo, shikamooni.

Mimi ni bibi wa Kisukuma, mjane, nauza dagaa. Shule niliachia darasa la nne, baba alisema ng'ombe hawajichungi. Kwa hiyo atakayekuja kunisahihisha herufi aanze na diwani wake.

Humu niliingizwa na mjukuu wangu Kabula. Alikuwa ananisomea nyuzi zenu jioni nikichambua mchele, tunacheka mpaka mbwa anabweka. Leo naandika habari yake yeye.

Na si chai, si hadithi ya kutunga. Anayeona ni chai apite Bujora, aache lami, akiingia kwenye vumbi aulize mama muuza dagaa mwenye macho mekundu. Ataletwa hadi mlangoni. Kaburi liko nyuma ya nyumba, ataliona.

Kabula alikuwa kidato cha tatu. Mrefu, miguu kama ya korongo, sauti kama ya mpiga mnada. Akiingia nyumbani hata jirani anajua kaingia. Alikuwa anabishana na kila kitu. Anabishana na mwalimu, na redio, na mbuzi.

Mimi alikuwa ananiita mke mwenza. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, hata kama babu keshaoza. "Mke mwenza, leo umepika vibaya, ndiyo maana mzee alikufa mapema." Namrushia mwiko, anaudaka hewani, anakula.

Nawaambia haya ili msome mkiwa mnamwona anatembea.

Ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu, zile earphone. Barabara yetu ni nyembamba, ya vumbi, inatoka mwaloni huko ziwani inapanda mpaka kwenye mnada. Siku za mnada pikapu zinapita kama zinafukuzwa. Yeye anatembea pembeni kaziba masikio, anaimba.

Siku hiyo asubuhi, kisimani, mbele ya wanawake, nikamwambia kwa sauti yangu hii isiyojua kunong'ona:

"Ipo siku gari litakubeba na hayo masikio uliyoziba!"

Akasema, "Likinibeba, mke mwenza, mzee utabaki naye peke yako."

Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jioni yake gari likambeba.

Wachunga ng'ombe waliokuwa wanarudi ndio walimkuta. Alikuwa njia panda ya kuingia kwetu, pembeni kabisa kwenye majani, begi mgongoni, kiatu kimoja mtaroni. Gari halipo. Aliyeona hakuna. Nilipofika nilipiga yowe mpaka ng'ambo ya mbuga wakaitikia.

Mengine niliyoyaona pale siandiki. Ila moja naandika, kwa sababu nimesikia watu wakisema mtoto alijitakia. Askari alipofungua begi, earphone zilikuwa ndani, zimeviringishwa vizuri kwenye leso. Hakuwa amezivaa. Mtoto aliyebishana hata na mbuzi, siku hiyo alinisikiliza.

Askari wakasema, huyu kagongwa na gari na gari limekimbia. Wakambeba kwenda mochwari ya hospitali. Baba yake, ambaye ni mwanangu, alikuwa machimboni upande wa Geita, akavuka pale Busisi usiku uleule akaja.

Sasa wasio wa huku nisikilizeni hapa, maana habari yote imesimama hapa.

Kwetu njia panda si mahali pa kuokota kitu. Mtu akitibiwa na mganga, uchafu wa ugonjwa wake unakwenda kumwagwa njia panda. Unaweza kuwa yai, kitambaa, mtama, chochote. Atakayekanyaga anaondoka nao. Mtoto wa huku akianza tu kutembea anafundishwa kwamba kilichomwagwa njia panda hakiguswi, zunguka.

Kulipokucha, watu wanaokuja msibani wakakuta dagaa wamemwagika njia panda. Palepale alipolala mtoto, wakavu, wanang'aa juani. Usiku polisi walikuwa na tochi zao wanatafuta vipande vya gari. Nani aangalie dagaa?

Watu wakasimama. Wakazunguka kupitia shamba la pamba. Hata bodaboda zikazunguka, pamba ya watu ikasagwa.

Na kijijini kwetu dagaa anauza nani? Mimi.

Mwenye macho mekundu, ambayo huku ndiyo alama ya mchawi, nani? Mimi. Yamekuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, miaka yote napikia hicho, kuni zimeisha. Lakini nenda kawaeleze.

Aliyemtamkia mtoto asubuhi kisimani kwamba gari litambeba nani? Mimi tena. Na wanawake wote walisikia.

Gari hawakulikataa, wakuu. Msidhani watu wetu ni wajinga kiasi hicho. Walikuwa wanasema, "Gari limemgonga, sawa. Nani alilituma?"

Shemeji yangu Maduhu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa amekaa chini ya turubai na wanaume. Akasema bila hata kunitazama, "Tukishazika, ukoo uende ukaulize."

Kuuliza maana yake kwa mganga, kupigiwa ramli. Serikali imeikataza, lakini gizani nani anamwona nani? Na jibu la ramli nalijua tangu nikiwa msichana. Halijawahi kumtaja mwanaume kijana mwenye shamba kubwa. Linataja kikongwe. Baada ya hapo kikongwe anasikia mlango unasukumwa, na panga halina maswali.

Binti yangu anayeishi Kiseke akanivuta nyuma ya jiko. "Mama, twende mjini leo leo, na nguo hizo hizo."

Nikamwambia, "Nikikimbia nimekubali. Na mtoto nimwachie nani amzike, kunguru?"

Lakini niseme ukweli, maneno ya Maduhu hayakuniuma. Maduhu namjua, hata mahindi yake yakinyauka anatafuta jirani wa kumlaumu.

Kilichoniuma ni mkwe wangu, Mama Kabula. Tumeishi naye jiko moja tangu alipoolewa. Watoto wake wote nimewaosha kwa mikono hii. Asubuhi ile nilimpelekea uji. Akapokea kikombe kwa mikono miwili kwa heshima, kama kawaida yake. Akakiweka chini. Hakunywa.

Nikasubiri. Hakunywa.

Nikajua naye yumo. Hakusema neno, lakini mwanamke akishaogopa uji wako mengine ni mazungumzo tu. Nikajisemea, wakinikata wanikate, lakini huyu asizike mtoto wake akiamini nimemla mimi.

Nikachukua ungo wangu wa kupepetea dagaa, nikatoka. Nikaelekea njia panda.

Watu wakanifuata kwa mbali, mnajua watu wa msibani. Nikafika, nikainama, nikaanza kuokota.

"Mama, usikanyage hapo!" mmoja akapiga kelele.

"Nisikanyage nini, kitoweo?"

Maduhu akasogea, lakini akaishia kwenye majani. "Shemeji, unaokota ulichomwaga?"

Nikasimama, mkono kiunoni. Nikamwonyesha kunguru waliokuwa wanarukaruka mbele yetu. "Hao wanakula tangu alfajiri. Mbona hawajafa? Au kunguru nao ni ukoo wangu?"

Kuna mtu alicheka, akajiziba mdomo.

Nikachukua dagaa kiganjani, nikapuliza vumbi, nikatia mdomoni. Nikatafuna. Walikuwa na mchanga, hawanogi hata kidogo, lakini nilitafuna kwa sauti ili wasikie. Nikameza. Nikachukua wengine.

Najua wengine mtaniona mkatili, kula mahali alipofia mtoto. Mimi kulia nilishalia. Pale nilikuwa na kazi.

Maana nilipoinama niliona kitu ambacho wao waliosimama mbali hawakukiona. Dagaa hawakuishia njia panda. Walikuwa wanaendelea. Wachache, halafu wachache tena, kwenye mstari wa tairi, wanapanda kilima kuelekea mnadani. Kila penye shimo walikuwa wengi zaidi.

"Tazameni!" nikasema. "Uchawi wangu una magurudumu? Hawa wamedondoka kwenye kiroba kilichopasuka, na kiroba kiko kwenye gari, na gari ndilo lililomgonga mtoto. Twendeni tuwafuate!"

Hakuna aliyesogea. Hata mwenyekiti wa kitongoji, mtu mzima mwenye muhuri, alikuwa anatazama viatu vyake.

Huku ziwani wingu lilishakuwa jeusi. Kuku wa nyumba za kule juu nao walishaanza kushuka barabarani. Mvua na kuku, mjue, hapo hakuna ushahidi utakaobaki. Nikaona mbele yangu mambo yote yanavyokwenda. Mvua inanyesha, tunazika, wanakwenda kuuliza, basi.

Ndipo Mama Kabula alipotoka kwenye kundi. Pekupeku, khanga imefungwa kiunoni, macho yamevimba. Akavuka majani. Akakanyaga pale.

Wanawake wakashika vichwa. Mwanangu akamwita mkewe kwa jina, hakugeuka.

Akanyoosha mkono. "Mayu," akaniita, ndiyo mama kwa Kisukuma, "nipe na mimi."

Nikamwekea kiganjani. Akatia mdomoni, akatafuna polepole huku ananitazama machoni, macho haya haya mekundu. Akameza.

"Ni dagaa," akasema. Halafu akageuka, akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Ni dagaa tu! Mtoto wangu kaachwa kama mbwa, na nyie mnaogopa dagaa!"

Akawa wa kwanza kuufuata ule mstari. Mimi nyuma yake na ungo wangu. Nikasikia miguu mingine, halafu mingine. Mwenyekiti naye akaja, sasa anatembea mbele kama vile wazo ni lake. Nikamwacha. Wanaume ukiwaachia mbele wanafika haraka.

Tulipandisha kilima, tukapita daraja dogo la kalavati, pale dagaa walikuwa kama debe limemwagwa. Vitone vya mvua vikaanza. Tukakimbia, bibi na miaka yangu nakimbia, mpaka senta inayofuata. Mbele ya duka moja mstari ukaisha.

Mwenye duka ni mama mmoja mnene mcheshi, sote tunamfahamu. Mwenyekiti akamuuliza jana jioni kama kuna gari lilisimama.

"Lilisimama. Pikapu nyeupe. Kijana aliomba kamba afunge kiroba chake cha dagaa, kilikuwa kimepasuka. Na taa ya mbele ilikuwa imevunjika."

"Hukumuuliza taa imevunjwa na nini?"

"Nilimuuliza. Akasema amegonga mbuzi."

Mama Kabula akakaa chini, palepale kwenye vumbi lililoanza kulowa.

"Mbuzi," akasema.

Yule mama wa duka akatutazama, akauona ule ungo, akaziona nyuso zetu, akaelewa. Akaanza kulia kabla hatujamwambia kitu. Mwenye duka alikuwa anamjua kijana, anapita kila siku ya mnada. Mwenyekiti akapiga simu polisi, na kabla ya jua kuzama pikapu ilikutwa nyuma ya nyumba moja, imefunikwa turubai, kijana yuko ndani chini ya kitanda.

Sasa nilidhani yameisha. Hayajaisha, kwa sababu ya lile swali lao la nani alilituma gari.

Tulipoitwa kituoni, kijana akaletwa mbele yetu. Mdogo mdogo tu, shati limechanika, midomo mikavu. Maduhu hakusubiri hata askari amalize. Akaegemea kaunta.

"Kijana, sema kweli mbele za Mungu. Kuna mama yeyote alikupa kitu? Alikutuma? Ulihisi usukani unavutwa?"

Kijana akamshangaa. "Hapana mzee."

"Sasa ilikuwaje? Barabara imenyooka pale!"

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa nachati."

"Unafanya nini?"

"Nachati, mzee. Na mchumba wangu. Nilikuwa najibu meseji, nikasikia kishindo. Niliposimama mbele nikaona ni mtu. Nikaogopa wananchi wataniua. Nikakimbia."

Nikamgeukia Maduhu. "Haya shemeji, mchawi wako ni simu, anachajiwa kwa umeme. Kama bado una hamu ya ramli, nenda kapige kwa huyo mchumba."

Askari wa kike aliyekuwa anaandika akainama chini ya kaunta kama kalamu imedondoka. Alikuwa anacheka. Mama Kabula naye akacheka, kicheko cha kilio, akaniegemea begani. Tukacheka na kulia palepale kituoni kama vichaa wawili.

Kabula tukamzika kesho yake, shule nzima ikaja. Ukoo haukwenda kuuliza popote. Kijana alifikishwa mahakamani, akakiri, akafungwa, na mama yake amekuja kwetu zaidi ya mara moja kukaa na sisi. Huwa namkaribisha. Hakuendesha gari yeye.

Maduhu hajawahi kuniomba msamaha kwa mdomo. Lakini siku hizi akiniona kwa mbali anawahi yeye kusalimia, na msimu uliopita alikuja kunilimia shamba na ng'ombe wake. Kwa Maduhu hiyo ni hotuba ndefu.

Sasa niseme nililojifunza, halafu nikapumzike, kidole kimechoka.

Madereva, simu iacheni. Hilo mmeshaambiwa na kila mtu, mimi naongeza langu. Ukigonga mtu, usimkimbie. Najua mnaogopa kupigwa, na mna haki ya kuogopa, watu wetu wakali. Basi endesha moja kwa moja mpaka kituo cha polisi kilicho karibu, sema nimegonga mtu mahali fulani, njooni. Ukikimbia unaacha swali barabarani, na huku kwetu swali lisilo na mwenyewe huwa linatafuta bibi kizee. Yule kijana alimgonga mmoja, karibu aue wawili, na wa pili wala hakumjua.

Na nyie wa vijijini, mtoto akifa tazameni chini kwanza. Tairi, kioo, damu, dagaa. Tazameni chini kabla hamjatazama macho ya mtu.

Nimerudi, wakuu. Naona kuna mmoja kaniuliza PM kama na mkwe wangu tulirudi kuwa sawa, au kile kidonda kilibaki. Nakujibu hapa hapa na wengine wasome.

Mwaka huu Mama Kabula kajifungua mtoto wa kike. Siku ya kumpa jina walijaa watu nyumbani, na wale wa njia panda wote walikuwepo, kila mtu anapendekeza lake, la shangazi, la kanisani, la marehemu. Mkwe wangu akasubiri wamalize. Halafu akainuka, akaja pale nilipokaa, akaniwekea mtoto mapajani mbele ya ukoo mzima, akasema, "Huyu ni Minza."

Minza ni mimi, wakuu. Na hakuna mwanamke wa Kisukuma atakayempa mtoto wake jina la mchawi.

Karibuni mchangie. Wenye matusi pia karibuni, ila msalimie kwanza.